Kupata rekodi za mafunzo ya urubani kutoka mashirika ya ndege ya nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa marubani wanaorudi nyumbani Kisumu, Kakamega, Eldoret au Nakuru wakiwa kati ya kazi mbili. Mkataba umekwisha Doha au Kigali, ahadi ya kazi mpya imepatikana, na mwajiri mpya anataka faili la mafunzo ambalo limebaki kabatini kwa mwajiri wa zamani. Anayejibu hapa alikuwa karani wa rekodi katika idara ya mafunzo ya shirika moja la ng'ambo kabla ya kurudi Kisumu, hivyo majibu mengi yanatoka upande wa pili wa kaunta, kwa mtu aliyekuwa akizipokea barua hizo.

## Mambo ya msingi

1. Rekodi za mafunzo ni zipi hasa?

Ni nyaraka zote ambazo shirika la ndege huweka ili kuonyesha kwamba rubani alifundishwa, akapimwa, na akaonekana anafaa kuendesha aina fulani ya ndege. Mna cheti cha kozi ya aina ya ndege, fomu za kila kipindi cha simuleta (mtambo wa ardhini unaoigiza urukaji wa ndege), ripoti za ukaguzi unaofanywa safarini abiria wakiwa ndani, na vyeti vya masomo ya kurudiwarudiwa kama vile taratibu za dharura, bidhaa hatari na ushirikiano wa wahudumu wa ndege, marubani wakiwemo. Zaidi ya hizo kuna fomu za mtihani wa ustadi, ambao Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinautaka mara mbili kwa mwaka.

Fomu ya mtihani wa simuleta ndiyo kiini cha faili, nayo inafaa kuielewa kabla ya kuiomba. Juu pana jina, namba ya leseni, aina ya ndege na namba ya utambulisho ya simuleta yenyewe. Katikati pana orodha ya mazoezi: injini kuzimika wakati wa kupaa, kutua kwa injini moja, kughairi kutua na kupanda tena; na kando ya kila zoezi pana alama. Chini pana maoni ya mtahini, mara nyingi kwa mwandiko wa haraka, kisha sahihi mbili na tarehe. Mwajiri mpya huanza kusoma chini. Fomu iliyoskaniwa vibaya hadi mistari ya mwisho ikakatika ni kama haikutumwa.

2. Nina leseni halali na daftari la safari lililojaa. Kwa nini hayatoshi?

Leseni husema kwamba mamlaka ya nchi iliridhika nawe siku fulani. Daftari la safari, ambalo wengi huliita logibuku, ni maneno yako mwenyewe juu yako mwenyewe. Faili la mafunzo ni ushahidi wa watu wengine waliokuona ukifanya kazi, na ndiyo sababu mwajiri mwangalifu hulitaka.

Umuhimu huu umeandikwa kwa damu. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air iliyokuwa ikielekea Buffalo, New York, ilianguka na kuua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Ndege hiyo ilikuwa Dash 8-400, aina ileile inayotua Kisumu kila siku. Uchunguzi ulibaini kwamba rubani mkuu alikuwa ameshindwa mitihani kadhaa hapo nyuma, na mwajiri wake hakuwa na picha kamili ya historia hiyo. Miaka kumi baadaye, tarehe 23 Februari 2019, ndege ya mizigo ya Atlas Air ilianguka Trinity Bay, Texas, na kuua wote watatu waliokuwamo. Hapo tena ilibainika kwamba rubani msaidizi alikuwa ameficha historia ya kushindwa mafunzo kwa waajiri wa awali. Unapoona mwajiri anakuuliza fomu ya mtihani wa miaka minne iliyopita, usidhani anakutafutia kisa.

3. Rekodi ni mali ya nani, yangu au ya shirika?

Karatasi ni ya shirika. Taarifa zilizomo ni zako kwa maana ya kwamba sheria za nchi nyingi sasa zinakupa haki ya kuziona na kupewa nakala. Vyeti ulivyokabidhiwa mkononi ni vyako moja kwa moja. Kutofautisha mambo haya kunasaidia katika barua: anayeandika «naomba mnirudishie faili langu» hujibiwa kwamba faili si lake, na kwa kweli hajadanganywa. Anayeandika «naomba nakala za rekodi zinazonihusu» ana hoja.

4. Shirika hutunza rekodi kwa muda gani baada ya mimi kuondoka?

Inategemea nchi, lakini usipange kana kwamba ni milele. Kwa mashirika yaliyo chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya, rekodi za mafunzo, mitihani na sifa za marubani hutunzwa miaka 3. Rekodi za saa za kazi na mapumziko hutunzwa miezi 24. Baada ya hapo shirika linaweza kuziteketeza bila kuvunja kanuni yoyote, na mengine hufanya hivyo, kwa kuwa sheria za ulinzi wa data haziruhusu kuweka taarifa za mtu bila sababu. Ikiwa uliacha kazi Ulaya miaka mitano iliyopita, andika barua, lakini andaa njia nyingine pia. Tazama swali la 16.

## Namna ya kuomba

5. Niombe lini?

Kabla ya kutoa notisi, ikiwezekana. Ukiwa bado mfanyakazi, faili lako liko kwenye mfumo ambao unaweza kuufungua mwenyewe kwa nywila yako, na unaweza kuchapisha fomu zako moja baada ya nyingine bila kumuomba mtu. Siku ya mwisho kitambulisho huchukuliwa asubuhi na barua pepe ya kazini hufungwa kabla ya jioni. Kuanzia hapo wewe ni mtu wa nje anayeandika barua.

Kama notisi imeshatolewa, tumia muda uliobaki. India, kwa mfano, kanuni ya mwaka 2017 inawataka marubani wakuu watoe notisi ya mwaka mmoja na marubani wasaidizi miezi sita. Wengi huilalamikia, na wana haki yao, lakini ni muda wa kutosha kukusanya kila karatasi. Wanaopata shida zaidi ni wale ambao mkataba wao ulikatwa ghafla, kama ilivyowakuta marubani wengi duniani mwaka 2020 ndege zilipoegeshwa.

6. Niandike kwa nani?

Andika kwa meneja wa mafunzo ya marubani na kwa ofisi ya rekodi za wahudumu, kisha nakala iende idara ya wafanyakazi. Wengi hufanya kinyume. Idara ya wafanyakazi huwa na mkataba, mshahara na likizo zako. Haina fomu ya simuleta hata moja, na barua iliyofika huko pekee huzunguka wiki kadhaa kabla ya mtu kuuliza ni ya nani. Ikiwa shirika liko Ulaya au Uingereza, tafuta pia anwani ya afisa wa ulinzi wa data, ambayo kwa kawaida imewekwa kwenye ukurasa wa faragha wa tovuti yao.

Jambo dogo ambalo huokoa siku: Doha na Riyadh mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Barua pepe iliyotumwa kutoka Kisumu Alhamisi jioni itasubiri hadi Jumapili, siku ambayo wewe huenda uko kanisani na wao wako kazini. Dubai walibadilisha mwaka 2022, na sasa hupumzika Jumamosi na Jumapili, huku Ijumaa ikiwa nusu siku.

7. Barua iseme nini?

Iwe fupi, na itaje kila karatasi kwa jina. Karani anayepokea ombi la «rekodi zangu zote» hutuma kilicho karibu, mara nyingi cheti kimoja na salamu. Nilifanya hivyo mwenyewe zaidi ya mara moja nilipokuwa na maombi arobaini mezani. Aliyeorodhesha fomu saba hupata saba, au hupata maelezo kwa nini ya tano haipo.

Barua utaiandika kwa Kiingereza au kwa lugha ya shirika, lakini yaliyomo yafuate njia hii:

«Kwa Meneja wa Mafunzo ya Marubani. Mimi, mwenye majina kama yalivyo kwenye pasipoti, namba ya mfanyakazi fulani na namba ya leseni fulani, niliwahi kuwa rubani msaidizi wa ndege aina fulani tangu tarehe hii hadi tarehe hii. Naomba nakala za rekodi zifuatazo zinazonihusu: cheti cha kozi ya aina ya ndege, fomu za mitihani ya ustadi za miaka mitatu ya mwisho, kurasa zote, ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa safarini, vyeti vya mwisho vya dharura, bidhaa hatari na ushirikiano wa wahudumu, na barua yenye jumla ya saa nilizoruka kwa kila aina ya ndege na kwa kila cheo. Natoa idhini rekodi hizo zitumwe pia moja kwa moja kwa mwajiri aliyetajwa hapa chini. Nimeambatisha nakala ya pasipoti na ya leseni.»

Weka anwani yako ya kudumu, na simu yenye alama ya kimataifa ya Kenya, +254. Tumia barua pepe yako binafsi utakayokuwa nayo hata mwakani, wala si ile ya kazini.

8. Niombe mimi, au aombe mwajiri mpya?

Wote wawili. Baadhi ya waajiri hawakubali karatasi iliyopita mikononi mwa rubani. Wanataka itoke shirika hadi shirika. Kanuni za Ulaya zinalitaka shirika la zamani lilipatie shirika jipya rekodi za rubani likiombwa, mradi muda wa kuzitunza haujapita. Lakini wewe uwe na nakala yako, kwa sababu mwajiri mpya akibadilisha mawazo, rekodi zilizotumwa kwake hazitakufuata wewe.

Idhini ya maandishi ndiyo kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Mwajiri mpya huandika, shirika la zamani hukataa kimya kimya kwa sababu halijui kama umekubali, na wewe unakaa Milimani au Mamboleo ukidhani mambo yanaendelea. Tuma idhini yenye sahihi na tarehe kwa pande zote mbili siku ileile unayokubali kazi.

9. Kuna ada?

Katika nchi zenye sheria za ulinzi wa data, nakala ya kwanza kwa kawaida ni bure. Barua za uthibitisho kutoka mamlaka za anga hulipiwa, na kila mamlaka ina bei yake.

10. Picha za simu zinakubalika?

Kwa kujaza fomu ya maombi, wakati mwingine. Kwa faili la kudumu, hapana. Skani kurasa kamili, kingo zote nne zionekane, na kila fomu iwe faili moja yenye jina linaloeleweka. Picha yenye kivuli cha kidole na kona ya kitambaa cha meza imewahi kufika mezani kwangu, na ilirudi ilikotoka.

## Sheria za nchi mbalimbali

11. Nilifanya kazi Ulaya au Uingereza. Nina haki gani?

Hapa ndipo pana nguvu zaidi, kwa sababu zipo njia mbili. Ya kwanza ni kanuni za anga zenyewe: shirika lenye cheti cha Ulaya linatakiwa kumpa mhudumu rekodi zake za mafunzo na mitihani akiziomba. Ya pili ni kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kifungu cha 15 kinakupa haki ya kupata nakala ya taarifa zako. Shirika lina mwezi mmoja wa kujibu, nalo linaweza kuongeza miezi miwili likieleza kwamba ombi ni gumu. Haki hii haitegemei uraia wala mahali unapoishi. Shirika likiwa limekaa Ulaya, Mkenya aliye Ahero anaomba sawasawa na Mjerumani aliye Berlin. Uingereza imebaki na kanuni zinazofanana baada ya kujitoa katika Umoja.

Kuna mtego mmoja. Fomu nyingi za simuleta hubeba marubani wawili, nahodha na msaidizi, katika ukurasa mmoja. Shirika likikutumia nakala kwa mujibu wa GDPR litafuta jina na alama za mwenzako kwa wino mweusi, kwa kuwa hizo ni taarifa zake. Mwajiri asiyezoea huiona fomu yenye mabaka meusi na kushuku kwamba umeichezea. Omba shirika liambatishe barua ya mstari mmoja inayoeleza ni nani aliyefuta na kwa nini.

12. Marekani je?

Marekani ina hifadhi kuu ya rekodi za marubani, inayosimamiwa na mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA. Ilitokana na sheria ya mwaka 2010, iliyopitishwa baada ya ajali iliyotajwa katika swali la 2. Kanuni kamili ilitolewa Juni 2021, na utaratibu wa zamani wa kuombana rekodi kwa karatasi, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1996, ulifikia mwisho tarehe 9 Septemba 2024. Mashirika ya Marekani huweka humo rekodi za marubani wao, na mwajiri mpya wa Marekani huzisoma humo kwa idhini ya rubani. Ukiwa na leseni ya FAA unaweza kufungua akaunti na kuona yaliyoandikwa juu yako, jambo linalofaa kufanywa kabla mtu mwingine hajayasoma.

Mashirika ya nchi nyingine hayalazimiki kuweka rekodi humo. Kwa hiyo Mkenya anayetoka shirika la Ghuba kwenda la Marekani hatakuta chochote cha Ghuba kwenye hifadhi hiyo, na itabidi alete mwenyewe au shirika jipya liandike barua. Sheria ya Marekani haina mkono wa kulivuta shirika la nchi nyingine. Inachotaka ni mwajiri aonyeshe kwamba alijaribu kwa nia njema. Mpe nakala ya barua zako zote na tarehe zake, maana ndizo ushahidi wa jaribio hilo.

13. Na nchi za Ghuba?

Qatar ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2016, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia mwaka 2021. Sheria zipo. Hata hivyo, kinachofanya kazi huko kwa kawaida ni utaratibu wa kuagana: fomu ya kukabidhi ambayo hupita idara baada ya idara, kuanzia sare hadi mkopo wa gari, kila mmoja akiweka muhuri. Mwombe mkuu wa mafunzo akupe rekodi siku anapoweka muhuri wake. Ukishapanda ndege ya kurudi, kila barua itaanza na swali la kama uliagana vizuri.

14. Afrika, na Kenya yenyewe?

Uganda ina sheria ya mwaka 2019, Rwanda ya 2021, Tanzania ya 2022, na ya Afrika Kusini ilianza kutumika Julai 2020. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako, na kanuni zake za mwaka 2021 zinampa anayetunza data siku 7 za kutimiza ombi, bila malipo. Asipotimiza, unalalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hii ni kwa anayehama kutoka shirika la Kenya kwenda nje, na wengi hawajui kwamba wanaweza kuitumia; hudhani ni sheria ya mikopo ya simu tu.

Kwa anayerudi na leseni ya kigeni, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, itataka uthibitisho wa leseni kutoka mamlaka iliyoitoa. Huo ni uthibitisho wa leseni wala si wa mafunzo ya shirika. Ni mambo mawili, barua mbili, ofisi mbili. Umuhimu wake ulionekana Juni 2020, pale waziri wa anga wa Pakistan alipoliambia bunge kwamba leseni za marubani 262 zilitiliwa shaka. Mamlaka kadhaa zilianza kuhakiki upya hata waliokuwa wakiruka bila doa, na Ulaya ikalizuia shirika la taifa la nchi hiyo.

## Mambo yanapokwama

15. Nimeandika mara tatu na hawajibu. Nifanye nini?

Kwanza hakikisha barua ilifika mahali panapofaa. Rudi swali la 6. Kisha andika mara moja zaidi, ukitaja tarehe za barua zilizotangulia na kifungu cha sheria ya nchi yao, na umpe mtu huyo tarehe ya mwisho. Lugha iwe ya upole. Karani hana ugomvi nawe, na barua ya matusi hupelekwa kwa mawakili, ambako hukaa. Baada ya tarehe hiyo, peleka malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa data ya nchi husika, na nakala kwa mamlaka ya anga.

Njia isiyoandikwa popote ni mkufunzi uliyefanya naye kazi. Ujumbe mmoja kutoka kwake kwenda ofisi ya rekodi hufungua kabati ambalo barua nne hazikulifungua. Hii haivunji kanuni yoyote mradi rekodi zenyewe zitumwe na ofisi.

16. Shirika langu la zamani lilifungwa.

Si jambo geni. Jet Airways ya India ilisimamisha safari Aprili 2019, Thomas Cook ya Uingereza ikaanguka Septemba mwaka huohuo, Flybe ikaanguka mara mbili, mwaka 2020 na Januari 2023. Wazee wa hapa wanaikumbuka East African Airways, iliyoanguka mwaka 1977.

Andika kwanza kwa mfilisi, ambaye jina lake hutangazwa na mahakama au msajili wa makampuni. Yeye ndiye anayeshika mafaili. Pili, kituo cha simuleta. Mashirika mengi hukodi simuleta kwa makampuni ya mafunzo, nayo hutunza rekodi zao wenyewe. Ukikumbuka tarehe na namba ya simuleta, ambayo iko kwenye daftari lako, wanaweza kupata kipindi chako. Tatu, mamlaka ya anga, ambayo hupokea fomu za mitihani ya kuhuisha leseni. Ukikosa vyote, mtahini wa zamani anaweza kuandika taarifa yenye sahihi na namba yake ya idhini. Si sawa na fomu, lakini waajiri huipokea ikiambatana na ushahidi kwamba hizo njia tatu zilijaribiwa.

17. Nina deni la bondi ya mafunzo, yaani ahadi ya kulirudishia shirika gharama za mafunzo nikiondoka mapema. Wanaweza kunizuilia rekodi?

Deni hudaiwa kwa njia zake, yaani kwa mkataba na mahakama. GDPR haitaji deni popote kama sababu ya kukataa ombi la kuona taarifa zako. Penye sheria dhaifu, rekodi hugeuzwa rehani bila mtu kulitamka neno hilo: barua husema tu kwamba «suala lako linashughulikiwa». Ushauri wangu ni kutenganisha mambo. Andika barua moja ya kupendekeza namna ya kulipa, na nyingine ya kuomba rekodi, zisitajane. Na mwambie mwajiri mpya kuhusu bondi mapema, kwa sababu yeye ndiye shirika la zamani litamwambia kwanza.

18. Kuna mtihani nilioshindwa. Nikiomba faili, si najichongea?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, lakini huulizwa kila mara. Kushindwa kipindi kimoja cha simuleta, ukapewa mafunzo ya ziada, ukarudia na kufaulu, ni jambo la kawaida kabisa kwenye mafaili. Nimepanga mafaili ya wakufunzi wakuu yenye fomu kama hizo. Msomaji mzoefu hutazama kama kosa lilijirudia na kama liliponywa.

Kinachomaliza kazi ya rubani ni kuficha. Fomu za maombi huuliza wazi kama umewahi kushindwa, na jibu la uongo likigunduliwa baadaye hufuta ajira hata kama ulikuwa unaruka vizuri. Soma faili lako kwanza, kisha ulielezee tukio kwa sentensi mbili kabla hujaulizwa. Usiombe fomu hiyo iachwe. Pengo la tarehe kati ya mitihani miwili huonekana haraka kuliko alama mbaya.

19. Faili nililopokea lina makosa.

Omba lirekebishwe kwa maandishi, ukiambatisha ushahidi. Haki ya kusahihisha iko katika sheria zilezile. Usisahihishe mwenyewe kwa kalamu, hata kama kosa ni tarehe. Pale nilipofanya kazi, marubani wawili wenye jina la ukoo moja walichanganyiwa fomu wakati wa kuhamisha karatasi kwenda kompyuta. Mmoja aligundua akiwa tayari kwenye usaili nchi nyingine, mkononi akiwa na ripoti ya ukaguzi wa ndege ambayo hajawahi kuirusha. Ilichukua wiki sita kuitenganisha, na kazi ile ilimpita. Soma kila ukurasa siku unaoupokea.

20. Majina yangu hayafanani kwenye leseni, pasipoti na rekodi.

Hili ni letu sana. Mtu anaitwa kwa majina matatu nyumbani, mawili kazini, na mfumo wa Ghuba umechukua jina la babu kuwa jina lake la kwanza. Aliyeolewa akabadilisha jina ana tatizo maradufu. Nenda kwa wakili aliye kamishna wa viapo, pale karibu na mahakama ya Kisumu hawakosekani, ule kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na uambatishe kiapo hicho katika kila ombi. Kama jina lilibadilishwa kisheria, hati ya kubadilisha jina ndiyo inayotakiwa, na kiapo pekee hakitoshi.

21. Niliajiriwa na wakala, si na shirika lenyewe.

Rekodi za mafunzo ziko kwa shirika lililokuwa na cheti cha kuendesha ndege. Wakala ana mkataba na malipo yako. Andikia wote wawili, ila fomu za simuleta usizitarajie kwa wakala.

22. Saa kwenye barua yao ni chache kuliko za daftari langu.

Mara nyingi ni tofauti ya kipimo. Kwa tafsiri ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, muda wa kuruka huanza ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kupaa na huisha inaposimama mwisho wa safari. Mifumo mingine hutoa muda wa hewani pekee, kuanzia magurudumu kuacha ardhi. Kwa rubani wa safari fupi, tofauti ya dakika kumi au kumi na tano kila safari hufikia mamia ya saa. Waulize barua yao imetumia kipimo kipi, na waiandike.

23. Nithibitishe nakala wapi nikiwa Kisumu?

Wakili aliye kamishna wa viapo au mthibitishaji wa umma anaweza kugonga muhuri kwamba nakala ni sawa na asili aliyoiona. Uliza kwanza kama mpokeaji anautaka muhuri huo, kwani wengi wanataka muhuri wa shirika lililotoa rekodi, na ule wa wakili hauwasaidii.

24. Rubani amefariki. Familia inaweza kuomba rekodi zake?

Huulizwa na wajane wanaofuatilia mafao au bima. GDPR hailindi data za waliofariki, hivyo haki ya kifungu cha 15 haipiti kwa familia, ingawa nchi moja moja za Ulaya zina kanuni zake. Njia iliyo imara zaidi ni msimamizi wa mirathi kuandika akiwa na hati ya kifo na barua ya usimamizi kutoka mahakamani, akiomba barua ya utumishi na jumla ya saa. Fomu za simuleta hawatazitoa, na kwa mafao hazihitajiki.